UZI: Kuhama simu kabla ya kelele za 2027 – laini, M-Pesa, gumzo na Fomu 34A (ya matokeo ya urais kituoni)

FundiKibuye (Kisumu)

Wadau, salaam. Uzi huu ni wa mtu anayehama simu: kutoka kabambe (simu ya vitufe) kwenda simu janja, Android kwenda Android, au Android kwenda iPhone. Siasa zitaingia, hakuna namna. Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027, na simu unayonunua sasa huenda ndiyo utakayoshika siku hiyo. Ila kampeni hapana. Anayetaka kumpigia mtu debe afungue uzi wake.

Nianze na lile ambalo wengi huliacha mwisho: laini. Simu ikipotea unanunua nyingine. Nambari ikipotea, M-Pesa, benki, eCitizen (huduma za serikali), iTax (kodi) na WhatsApp zote zinakufungia mlango siku moja, maana zote hutuma msimbo wa kuthibitisha kwa nambari hiyo hiyo. Kwa hivyo kabla hujafungua boksi la simu mpya, piga *106# kama uko Safaricom, uone nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama laini unayotumia haimo, imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, mara nyingi mume, mtoto, au yule aliyekuuzia laini kando ya barabara. Siku kadi ikiharibika, yeye ndiye atakayetakiwa dukani na kitambulisho chake, si wewe. Rekebisha sasa. Kisha piga *100*100#, ambayo huzuia laini yako kubadilishwa kiholela na wakala yeyote. Baada ya hapo kazi hiyo hufanywa kwenye duka lao tu.

Kadi yenyewe je? Zile laini za zamani kubwa usizikate kwa mkasi. Mkasi ukigusa chipu kadi imekufa, na hata ukiikata vizuri, kadi nyingi za enzi hizo hazibebi 4G. Utakaa na simu mpya ya kisasa ukijiuliza mbona intaneti inatambaa. Omba kadi mpya yenye nambari ile ile. Salio la M-Pesa na PIN havitikisiki kwa sababu pesa haikai kwenye kadi. Kinachopotea ni majina uliyohifadhi humo. Kadi ya kawaida hubeba majina kama 250 na hukata yaliyo marefu, ndiyo maana "Fundi wa Bomba Manyatta" amebaki "Fundi wa Bomba". Yaokoe kwanza: weka kadi ya zamani kwenye simu janja, fungua majina, ingia mipangilio, chagua kuleta kutoka kwa SIM, na ukiulizwa yawekwe wapi, jibu akaunti ya Google. Ukijibu "simu" utarudia kazi hii siku simu hiyo ikiibwa.

Kutoka kabambe: hamisha majina ya simu yaende kwenye kadi, ingiza kadi kwenye simu janja, yavute. Yakizidi nafasi, fanya kwa awamu. Kabambe yenye Bluetooth inaweza kutuma majina yote kama faili moja la vcf, ni rahisi zaidi.

Ukishaingiza laini kwenye simu mpya, *334# hufanya kazi papo hapo. Programu ya M-Pesa ndiyo yenye maringo. Inataka uiwashe upya, na inataka ione data ikitoka kwenye laini yenyewe. Zima waifai. Kama simu ina laini mbili, data iwe kwenye laini ya M-Pesa mpaka umalize. Watu hukwama hapo wakidhani akaunti imefungwa, kumbe data inatoka laini ya pili.

Jumbe za M-Pesa hukaa kwenye simu, si kwenye kadi. Mweka hazina wa chama usiuze simu ya zamani kabla hujatoa taarifa ya akaunti kama PDF. Jumbe zikifutika, mkutano wa mwisho wa mwaka utakuwa mrefu.

FundiKibuye (Kisumu)

WhatsApp naiweka peke yake.

Android kwenda Android kuna njia isiyokula bando. Simu zote mbili ziwe na chaji ya kutosha, waifai na huduma ya mahali ziwashwe, na WhatsApp zote ziwe zimesasishwa. Kwenye ya zamani: Mipangilio, Gumzo, Hamisha gumzo, Anza. Kwenye mpya: sakinisha WhatsApp, thibitisha nambari ile ile, kubali kuhamisha gumzo. Itatoa msimbo wa QR, nawe uusome kwa kamera ya simu ya zamani. Ziweke kando kwa kando na uache vioo vikiwaka. Ikikatika katikati, mara nyingi ni ile hali ya kuokoa betri imeua programu. Izime uanze tena.

Njia ya Google Drive nayo ipo, lakini siku hizi nakala ya WhatsApp inahesabiwa ndani ya GB 15 za bure pamoja na picha na barua pepe zako. Ikijaa, nakala haiwekwi. Toa video kwenye nakala na mengi yatatosha. Kwenye simu mpya akaunti ya Google iwe ile ile, na ukiulizwa kama urejeshe gumzo, ukiruka hapo huulizwi tena. Itabidi ufute programu uisakinishe upya.

Android kwenda iPhone: nakala ya Google Drive haisomeki huko kabisa. Lazima utumie programu ya Move to iOS, na iPhone iwe mpya au imefutwa yote, yaani kabla hujaianzisha. Android iwe toleo la 5 kwenda juu, iOS 15.5 kwenda juu, zote mbili kwenye umeme, na mtandao mmoja wa waifai. Ukishaanza kutumia iPhone ndipo ukumbuke gumzo, umechelewa, utaifuta upya. Halafu iCloud ya bure ni GB 5 tu, si 15. Anayehamia huko ajue hilo kabla ya kulipa.

Wa GB WhatsApp na ndugu zake: hizo si rasmi, njia hizi hazizitambui, na nambari inaweza kufungiwa. Sina dawa yake.

Shangazi_Section58 (Nakuru)

Asante fundi. Kuna kina mama wengi wa chama hapa walikuwa na kabambe za mfumo wa KaiOS zenye WhatsApp, sasa WhatsApp imetoka humo. Wakinunua simu janja, gumzo za zamani zinakuja? Na wataanza kuomba kuongezwa kwenye vikundi upya?

FundiKibuye (Kisumu)

Shangazi, gumzo hazihami. KaiOS haikuwa na nakala ya kupeleka Android. Lakini vikundi vinarudi vyenyewe, kwa sababu uanachama umefungwa kwenye nambari. Wakithibitisha nambari ile ile, vikundi vinajitokeza vikiwa vitupu na ujumbe mpya unaanza kuingia. Wasiguse kitu kingine.

Kitu kimoja kwa msimamizi wa kikundi anayebadilisha nambari yenyewe na si simu tu: tumia "Badilisha nambari" ndani ya Mipangilio, Akaunti. Hiyo inakuhamisha pamoja na vikundi na usimamizi wako. Ukijiondoa tu ukiwa msimamizi pekee, WhatsApp humteua mwingine bila kukuuliza. Weka msimamizi wa pili kabla ya kugusa lolote.

Na wote waweke uthibitisho wa hatua mbili, ile PIN ya tarakimu sita, pamoja na barua pepe. Ukisahau PIN na hukuweka barua pepe, unangoja siku saba. Asiyeweka kabisa anaibiwa akaunti na mtu anayempigia akijifanya afisa: "nisomee namba sita zilizoingia".

Busia_Mpakani

Mnasahau sisi wa mpakani. Busia, Malaba, Port Victoria, simu mpya hunusa mnara wa Uganda. Ukitoka dukani imewekwa kuchagua mtandao yenyewe, inashika wa ng'ambo, salio linayeyuka kwa romingi.

Ingia mipangilio ya mitandao ya simu, zima uchaguzi wa otomatiki, subiri iorodheshe mitandao (inachukua dakika kadhaa, usibonyezebonyeze), chagua wako. Zima na romingi ya data. Wenye laini mbili wazime pia ile ya kubadilisha data yenyewe laini moja ikidhoofika. Ukisafiri mbali na mpaka na simu ikose mtandao kabisa, rudisha otomatiki kwanza kabla ya kumtafuta fundi.

Mwl_Webuye

Swali la siasa kidogo. Kuna uvumi kwamba ukibadilisha nambari ya simu lazima ujisajili upya kama mpiga kura. Na kuna kiungo kinazunguka WhatsApp cha "kujisajili ukiwa nyumbani". Kuna ukweli?

Karani_wa_Zamani (Kakamega)

Mwalimu, hakuna. Sajili ya wapiga kura imefungwa kwenye kitambulisho au pasipoti na alama za vidole. Simu hata uitupe mto Nzoia, jina lako liko. Kiungo hicho nacho ni cha kukusanyia nambari za vitambulisho. Usajili ni wa ana kwa ana, kwani hakuna kiungo kinachoweza kuchukua alama za vidole. Unakwenda kwa afisi ya IEBC (tume ya uchaguzi) ya eneo bunge na kitambulisho halisi au pasipoti inayotumika. Ile karatasi ya kusubiri kitambulisho haikubaliki. Usajili wa kuendelea ulifunguliwa tena tarehe 29 Septemba 2025.

Waliohama mji, na Nakuru wako wengi, wasome hapa vizuri. Kuhamisha kituo cha kura unaenda mwenyewe katika eneo bunge unakohamia, si ulikotoka. Sheria ya Uchaguzi inataka uombe angalau siku 90 kabla ya uchaguzi. Kwa Agosti 10, 2027, hiyo ni Mei 12. Msingoje Mei.

Siku ya kura beba hati ile ile uliyojisajilia. Aliyejisajili kwa pasipoti aje na pasipoti.

Vidole: wachimba mawe, wafyatua matofali na wanaofua sana, alama zao hufifia na KIEMS, kifaa cha kumtambua mpiga kura, hukataa. Futa mkono ukauke, kisha mwombe karani ajaribu kidole kingine. Bado ikikataa, kuna utaratibu wa kukutafuta kwa nambari ya kitambulisho. Usiondoke kwenye foleni ukinung'unika. Mwaka 2022 vituo kadhaa vya kaunti za Kakamega na Makueni vifaa vilikataa na tume ikaruhusu sajili ya karatasi itumike.

Shangazi_Section58 (Nakuru)

Na wale waliojikuta ni wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawajawahi kuvisikia?

Karani_wa_Zamani (Kakamega)

Hiyo ni kwa Msajili wa Vyama, si IEBC. Utaiona ndani ya eCitizen na unaweza kujiuzulu humo humo. Kwa mpiga kura wa kawaida haimzuii kupiga kura. Inauma kwa anayetaka kugombea, kuajiriwa na tume, au kupiga kura ya mchujo ya chama kingine. Msimbo wa kuingia eCitizen huja kwa nambari yako, kwa hivyo tumerudi kwa fundi na laini yake.

Kondele_Mtulivu

Haya yote mazuri, lakini vijana wa hapa wanauliza kujisajili ili iweje. Tangu Raila Odinga afariki Oktoba 15, 2025, kila mtu anadai anajua Nyanza itaelekea wapi, na hakuna aliyetuuliza. Fomu 34A zitapigwa picha, halafu? Wakitaka kuiba wataiba.

Karani_wa_Zamani (Kakamega)

Ndugu, Nyanza itaelekea wapi sijui, na anayejidai anajua mwaka huu anauza kitu. Niseme yaliyoandikwa tu.

Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya urais Septemba 1, na namna matokeo yalivyotumwa ilikuwa moja ya hoja kuu. Mwaka 2022 tume ikaweka picha za Fomu 34A kwenye tovuti, kila mtu akajumlisha mwenyewe. Ruto alitangazwa na kura 7,176,141, Raila 6,942,930. Tofauti ni 233,211. Vituo vilikuwa 46,229. Gawanya: ni kama kura tano kwa kituo. Kura zilizokataliwa nchi nzima zilizidi 113,000, yaani zaidi ya mbili kwa kila kituo, na nyingi za hizo huwa ni alama iliyovuka mstari au kuwekwa kwa wawili. Tovuti haikumaliza ubishi. Kesi ilifika Mahakama ya Juu na matokeo yakadumishwa Septemba 5, 2022. Lakini ubishi ulikuwa juu ya karatasi ambazo kila mtu aliweza kuziona. Hiyo si sawa na 2007.

Kuhusu "ili iweje": la urais sina jibu la kumridhisha kila mtu. La wadi ninalo. Mwakilishi wadi ndiye wa kusukuma taa na barabara ya mtaa wako, na ushindi wa wadi nyingine huamuliwa kwa kura za familia mbili tatu. Watu hupanga foleni kwa ajili ya karatasi moja na wanapewa sita.

Kondele_Mtulivu

Sawa. Hiyo ya kura tano kwa kituo sikuwa nimeifikiria hivyo. Bado sijashawishika, lakini nieleze basi hizo picha za 34A zinapigwaje zisomeke. Zile za 2022 zilizozunguka mtandaoni nyingi zilikuwa ukungu mtupu.

FundiKibuye (Kisumu)

Hiyo yangu.

Fomu ya matokeo hubandikwa mlangoni pa kituo baada ya kuhesabu. Ile ya mlangoni ni ya umma, ipige. Kinachokatazwa ni kupiga picha karatasi yako ya kura ukiwa umeshaitia alama. Siri ya kura inalindwa na sheria, na wanaonunua kura ndio hutaka picha hiyo kama risiti. Simu ikae mfukoni mpaka utoke.

Kuhesabu huingia usiku na madarasa mengi yana balbu moja, kama ipo. Futa lenzi kwa kitambaa kikavu, kwa maana simu iliyokaa mfukoni siku nzima ina mafuta na hayo ndiyo ukungu. Zima taa ya kamera. Karatasi ya fomu inarudisha mwanga, na katikati unapata doa jeupe juu ya tarakimu hasa unazozitaka. Badala yake mwenzako amulike na simu ya pili kutoka pembeni, umbali wa mkono mmoja. Simama sawasawa mbele ya karatasi, usipige kutoka chini. Gusa kioo pale penye tarakimu ili kamera ilenge hapo. Piga ya fomu nzima pembe zote nne zionekane, kisha za karibu: jina na msimbo wa kituo, jedwali la kura, kura zilizokataliwa, na sahihi za msimamizi wa kituo na mawakala.

Kutuma ndiko kunakoharibu. WhatsApp hubana picha. Tuma kama hati, si kama picha. Au angalau chagua HD. Na usitume picha ya kioo cha simu nyingine. Faili la asili libaki kwenye simu, usilihariri wala kulizungushia duara jekundu, kwa sababu hilo ndilo lenye saa na tarehe iliyopigwa.

Chaji: fika na simu imejaa na benki ya chaji. Kituo hufungua saa kumi na mbili asubuhi, hufunga saa kumi na moja jioni, walio kwenye foleni bado hupiga, halafu ndiyo kuhesabu sanduku sita. Betri ya mAh 5,000 iliyochoka haitoboi ikiwa data imewashwa siku nzima. Weka hali ya ndege mpaka jioni.

Karani_wa_Zamani (Kakamega)

Niongeze la kukagua hesabu. Ndani ya fomu, jumla ya kura za wagombea lazima ilingane na kura halali zilizoandikwa. Kura halali ukijumlisha na zilizokataliwa zisizidi waliosajiliwa, na mwaka 2017 na 2022 kituo kimoja hakikuzidi watu 700. Ukiona kituo chenye kura 900, kwanza angalia kama umejumlisha mikondo miwili ya shule moja. Shule moja inaweza kuwa na vituo vitatu, kila kimoja na fomu yake. Makosa mengi ya mtandaoni yalikuwa hayo, si wizi.

Tarakimu ikikatwa na kuandikwa upya, tafuta sahihi ya msimamizi kando yake. Haimaanishi uongo, maana watu wamekesha. Ila iandike.

Naka_Hesabu (Nakuru)

Hapo umesema kweli. Na tukumbuke fujo nyingine huanzia kwenye uchapishaji. Mwaka 2022 kura ya mbunge Rongai hapa kwetu ilisukumwa hadi Agosti 29, na ugavana Kakamega pia, kwa sababu ya makosa kwenye karatasi za kura. Waliokuwa na haraka waliita njama kabla ya saa tatu asubuhi.

Sasa mimi naomba tuzungumzie vikundi. Nakuru tunajua maneno yanavyochoma. Mwaka 2022 tume ya uwiano NCIC iliorodhesha maneno ya kuchochea, "madoadoa" likiwemo. Kifungu cha 13 cha sheria yao ya 2008 kinasema faini isiyozidi milioni moja au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Hakisemi "isipokuwa umetumiwa na shemeji".

Kwa msimamizi wa kikundi cha mtaa, kanisa au chama: mipangilio ya kikundi ina sehemu ya kuruhusu wasimamizi tu kutuma. Iwashe jioni ya kura mpaka matokeo yatangazwe. Washa pia idhini ya wanaojiunga, kwa sababu viungo vya kikundi husambazwa na wageni huingia kuja kupanda mbegu zao. Msimamizi anaweza kumfutia kila mtu ujumbe. Bonyeza ujumbe, futa kwa wote. Usianze kujadiliana nao kabla ya kuufuta.

Mwl_Webuye

Na ujumbe wenye mishale miwili maana yake umeshapita mikono mitano au zaidi. WhatsApp yenyewe huruhusu kuutuma kwa gumzo moja tu kwa wakati. Watu huikwepa kwa kunakili maandishi na kubandika, na hapo mishale inapotea. Kwa hivyo kutokuwepo kwa mishale si cheti cha ukweli. Sauti zisizo na jina ndizo mbaya zaidi, haziwezi kutafutwa mtandaoni kama picha.

Kwenye simu mpya zima upakuaji wa otomatiki: Mipangilio, Hifadhi na data, toa picha, sauti na video. Unaokoa bando, na picha za maiti za nchi nyingine hazijazi simu ambayo watoto wanachezea.

Shangazi_Section58 (Nakuru)

Fundi, la mwisho kwangu. Wengi wetu tunanunua za mtumba. Tuangalie nini?

FundiKibuye (Kisumu)

Shangazi, msinunue bila kuifuta yote mbele ya muuzaji. Kwenye mipangilio, irudishe kama ilivyotoka kiwandani, iwashe, iunganishe na waifai. Ikidai akaunti ya Google ya mwenyewe wa awali, hiyo ama imeibwa au muuzaji hajui kazi. Rudisha mkono mfukoni. iPhone nayo ikidai Apple ID ya mtu, ni vivyo hivyo. Na kuna zilizonunuliwa kwa kulipa kidogo kidogo kila siku. Mwenyewe akiacha kulipa inafungwa kutoka mbali hata ukiwa umeinunua kwa pesa taslimu. Baada ya kuifuta, ikitokea maandishi kwamba simu inasimamiwa na kampuni, iache mezani.

Piga *#06#. Nambari ya IMEI ina tarakimu 15. Ilingane na ya boksi na ya kwenye mipangilio. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili. Ukiona sufuri tupu, au zote mbili zinafanana, weka chini.

Hifadhi inayodaiwa GB 512 kwa bei ya GB 32 ni ya kuandikwa tu. Nakili faili kubwa la video mara kadhaa mpaka lizidi ukubwa halisi; bandia huanza kuharibu faili au kuganda. Ingiza laini pande zote mbili, piga simu, sikiliza spika ya juu na ya chini. Tikisa waya wa chaji. Ukikatika ukitikiswa, tundu limechoka, ingawa mara nyingine ni pamba ya mfukoni tu na inatoka kwa kijiti cha mbao. Usitumie pini.

Mwaka 2025 WhatsApp ilitaka Android 5 kwenda juu au iOS 15.1 kwenda juu. Hicho kilikuwa kiwango cha chini kabisa. Programu za benki zina masharti makali zaidi, kwa hivyo anayetaka simu ya kufika 2027 asishuke sana.

Kondele_Mtulivu

Na ya zamani, ukiiuza? Kadi yangu ya memori nimeitoa nikaiweka kwenye simu mpya inasema haisomeki, inataka kuiumbiza (format).

FundiKibuye (Kisumu)

Usikubali kuiumbiza! Huenda kadi hiyo iliwekwa kama hifadhi ya ndani ya simu ya zamani, na kama ndivyo, imefungwa kwa ufunguo wa simu hiyo na hakuna simu nyingine itakayoisoma. Irudishe kwenye ya zamani kabla hujaifuta. Ukiifuta na ufunguo umekwenda, picha hazirudi. Ndani ya mipangilio ya hifadhi hamisha kila kitu kwenda kompyuta au simu mpya kwa waya, ndipo uiumbize upya kama kadi ya kubebeka.

Kisha kwenye ya zamani ondoa akaunti ya Google kwanza, uifute yote, utoe laini. Mpangilio uwe huo huo. Ukifuta kabla ya kuondoa akaunti, atakayeinunua atakupigia usiku akiomba nywila yako. Kama mgongo wa simu umevimba, hiyo ni betri. Usiichaji, usiitoboe, usiiuze ikiwa hivyo. Mpelekee fundi aitoe.